Sifa Mbili Kwanza

Kundi letu la wakata nakshi za mbao lina sheria moja tu, na sheria yenyewe ndiyo iliyoniharibu. Mtu akileta kazi yake, hakosolewi kwanza. Anasifiwa. Sifa mbili, tena ziwe za kweli, si za kubuni. Ndipo wenzake wanaruhusiwa kumwambia alipokosea. Ni sheria nzuri sana kwa watu wenye kazi za kusifika. Kwa mtu kama mimi, iliwatoa wenzangu jasho.

Nakumbuka twiga wangu wa kwanza. Nilimviringisha kwenye taulo, nikampeleka Jumamosi barazani kwa Fundi Saa, ambako ndiko tunakokutana, nikamfunua mezani kwa mbwembwe zote kama mtu anayefunua keki ya harusi. Dereva wa lori, jitu la miraba minne ambalo linakata vipepeo vya mbao laini mpaka unaogopa kuvipumulia, alimgeuza twiga wangu juu chini, kisha chini juu. Muuguzi akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama upya. Mwishowe Fundi Saa, ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri na kwa kazi, akakohoa.

"Sifa ya kwanza," akasema, "umechagua mbao nzuri."

"Nzuri kabisa," wakaitikia wote kwa haraka.

"Sifa ya pili..." Hapo akatazama dari. Akamtazama twiga. Akatazama mikono yangu, uso ukamchangamka. "Umerudi na vidole vyote kumi!"

Wakapiga makofi. Na mimi, bwege mkubwa, nikasimama nikainamisha kichwa kama msanii jukwaani.

"Ila huyo mbwa," Dereva akaongeza kwa upole, "shingo ungempunguzia kidogo."

Ilinichukua muda mrefu, mrefu wa kutia aibu, kugundua kwamba kila nilichopeleka pale kilipata sifa zilezile mbili. Mbao nzuri, vidole kumi. Sasa jamani, mbao nilinunua dukani. Na vidole nilizaliwa navyo.

Mimi ni kinyozi. Watu wazima, wenye familia na majukumu, wananikabidhi shingo zao nikiwa na wembe mkononi, halafu wanasinzia. Naweza kukuchorea mstari wa nywele ukanyooka mpaka mkeo akakuuliza unaenda kwa nani. Kwa hiyo niliponunua ile mashine ndogo ya kukatia nakshi, nilijua kabisa kwamba dunia imechelewa kunigundua. Mashine yenyewe si kubwa: ina meza ya chuma upana wa sinia, na katikati ya meza kuna uwaya mwembamba wenye meno unaopanda na kushuka kwa kasi. Uwaya huo sisi kwenye kundi tunauita ulimi. Wewe unashika ubao, unauzungusha taratibu kuuzunguka ulimi, na unatoka na ua, au herufi, au ndege. Wenzangu wanatoka na ndege. Mimi natoka na maelezo.

Shida yangu ilikuwa moja, tena ya ajabu: kila nilichokata kilikataa kusimama. Twiga aliegemea kama mlevi ukutani. Kibao cha kuandika "Karibu" nilichokiweka saluni kilikuwa kinamwangukia mteja mapajani. Nilimkatia mke wangu kishikio cha simu, simu ikatumbukia kwenye mchuzi. Mke wangu ni mvumilivu, lakini siku hiyo aliniangalia, simu ikidondosha mchuzi mkononi mwake, akasema, "Baba watoto, hivi wanaume wenzio utu uzima ukiwafika hawanunui tu redio?"

Kila Jumamosi, baada ya zile sifa mbili, Fundi Saa alinipa ushauri uleule: "Pima meza yako kwa skwea." Skwea ni kile kipande cha chuma cha kupimia pembe, kinachokuonyesha kama meza na ulimi vimekutana sawasawa au vimeinamiana. Na kila Jumamosi nilimjibu kwamba nimeshapima. Sikusema uongo. Nilipima kwa jicho. Nimenyoa vichwa vya watu maisha yangu yote kwa jicho, leo niweke chuma mezani kama mwanafunzi? Ebo! Mpaka mzee wa watu akaninunulia skwea mwenyewe, akanipa kama zawadi. Nikaitundika ukutani ikiwa bado ndani ya karatasi yake. Ilipendeza sana pale.

Basi, hali ilikuwa hivyo mama mkwe alipokuja kukaa kwetu.

Mama mkwe alikuwa msahihishaji kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu. Kazi yake ilikuwa kukaa na kalamu nyekundu na kuwinda makosa ya watu kabla kitabu hakijachapwa, na alipostaafu hakuacha kazi, alihamishia tu shughuli zake kwetu. Kadi ya harusi yetu ilirudi kutoka kwake ikiwa na wino mwekundu mahali patatu. Hata jina langu aliliwekea alama ya kuuliza.

Kiharusi kilimkuta nyumbani kwake akimwagilia maua, na ndicho kilichomleta kwetu. Mguu uliyumba siku kadhaa, ukarudi. Mdomo hakikuugusa, nadhani kiliuogopa. Lakini mkono wa kulia uligoma. Vidole vikajikunja ndani ya kiganja, na hapo vikakaa.

Mama wa mazoezi ya viungo alikuja nyumbani, akaukanda mkono, akaukunjua, akaacha mpira wa kufinya na vibanio vya nguo vya kubana na kubandua. Alipokuwa anaaga, akatuvuta mimi na mke wangu mlangoni, akateremsha sauti. "Vidole bado vinasikia," akasema. "Lakini asipovitumia sasa vitazoea kukunjika, na vikishazoea hatuvirudishi tena. Nisiwafiche."

Mke wangu akashika fremu ya mlango. Mkono ule ndio uliomlea, ukamsuka nywele, ukamsahihishia madaftari yake yote ya shule. Alienda jikoni akafungua bomba, akaacha maji yakitiririka bila kuosha chochote.

Na mama mkwe? Mama mkwe alikataa katakata. "Nifinye mpira? Kwani ni embe, naangalia kama limeiva?" Vibanio navyo akavirudisha kwenye kamba. "Hivi ni vya nguo," akasema. "Mimi si shuka." Mkono akauficha chini ya shali, na ukimuuliza habari zake anakuuliza habari za saluni.

Lakini asubuhi moja nilipita chumbani kwake, mlango ukiwa wazi kidogo, nikamwona. Alikuwa ameketi kitandani, ameweka ile kalamu yake nyekundu kwenye mto, anajaribu kuiokota kwa mkono wa kulia. Vidole vinaisukuma tu. Akajaribu tena. Kalamu ikabingirika, ikaanguka, ikaingia chini ya kabati. Hakumwita mtu. Alivuta shali, akaufunika mkono, akageukia dirisha. Niliumia, nisiseme uongo. Mwanamke yule amenitesa tangu siku ya posa, lakini niliumia mpaka nikasahau nilikuwa nafuata nini huko. Baadaye nilipofagia niliitoa ile kalamu nikaiweka mezani kwake. Hakuuliza ilifikaje, na mimi sikusema.

Mama wa mazoezi alipokuja tena akakuta mpira una vumbi. "Basi mtafutieni kitu anachokitaka mwenyewe," akatuambia. "Mkono haufuati amri. Unafuata hamu."

Hapo ndipo kichwa changu kikavimba. Nikasema, kazi imempata mwenyewe. Nitamkatia picha ya vipande! Unachukua picha, unaibandika kwenye plaiwudi kwa gundi, unaikatakata kwa mashine vipande vyenye vichwa na mashimo, kila kimoja kinamshika jirani yake. Mtu anavichanganya, kisha anavipanga upya mpaka picha irudi. Mkono utafanya kazi bila kujua unafanya kazi. Mke wangu aliposikia, akavuta pumzi ndefu. "Wewe ndiye utakayekata?" akauliza.

"Nani mwingine?"

"Nimeuliza tu."

Jumamosi nikalieleza kundi. Sijawahi kuwaona wamechangamka vile. Waliniambia maneno ya kunitia moyo kama mtu anayekwenda kupasuliwa. Dereva akasema nibandike karatasi ya gundi juu ya picha ili isiungue wala kuchanika. Muuguzi akasema vipande viwe vinene na vikubwa, mkono mgonjwa haushiki kitu chembamba. "Ulimi ukaze," Fundi Saa akasema, "mpaka ukiugusa kwa kucha ulie kama uzi wa gitaa. Ulimi uliolegea unapayuka. Na usiusukume ubao, uache ulimi ule kwa raha zake."

"Sawa, Fundi."

"Na meza..."

"Nimepima, Fundi!"

Muuguzi akamtazama Fundi, naye akatazama saa zake ukutani.

Picha niliyochagua ilikuwa ya mama mkwe mwenyewe enzi za kazi: ameketi mezani kwake kiwandani, mafungu ya karatasi kushoto na kulia, kalamu nyekundu mkononi, anamtazama mpiga picha kana kwamba naye ana makosa. Nikaikuza kwa mpiga picha wa jirani, nikaibandika, nikajifungia stoo. Nilikata kwa moyo wangu wote. Ulimi ulilia kama gitaa. Sikusukuma. Niliuzungusha ubao polepole, ulimi nimeuuma kwa meno, ulimi wangu mwenyewe safari hii, jasho likinidondoka puani. Nilipomaliza nikavikusanya vipande kwenye sinia bila hata kujaribu kuvipanga, kwa jinsi nilivyojiamini. Nikavipeleka dirishani kwake.

"Hii ni nini, mkwe wangu?"

"Zawadi, Mama. Unapanga, picha inatokea."

Akaokota kipande kimoja kwa mkono wa kushoto, akakisogeza kwenye mwanga. "Huyu ni mimi?"

"Ndiye wewe, Mama."

"Umenipasua pua."

"Ni... mstari umepita tu pale, Mama. Ukipanga, pua inarudi."

Akajaribu kuvipanga viwili. Havikuingia. Akajaribu vingine, navyo vikagoma. Nikachukua mimi kumwonyesha, kwa lile tabasamu la mtu anayemwonyesha mtoto, nikabana, nikageuza, nikapiga ngumi. Havikuingia. Vipande nilivyovikata mwenyewe, kutoka kwenye ubao mmoja, vilikataana kama ndugu wa urithi. Nikahisi masikio yanapata moto.

"Asante," akasema mama mkwe, akasukuma sinia pembeni. "Mbao ni nzuri."

Haki ya Mungu, nilitamani ardhi ipasuke. Hata yeye!

Usiku ule nilimwambia mke wangu kwamba mashine naiuza. Basi, imetosha, nirudi kwenye vichwa vya watu ambako ninaaminika. Nilikuwa nimetaka kumsaidia mama yake, na nilichofanya ni kumpa kitu kingine kisichomtii. Mke wangu hakunibembeleza wala hakunicheka. Alisema tu nisilitoe lile sinia pale dirishani, kwa sababu mama yake amekataza lisiguswe.

"Amekataza? Kwa nini?"

"Anasema hajamaliza kuhesabu makosa."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Amenigeuza kazi yake! Nikirudi kutoka saluni namkuta ameinamia sinia, miwani kwenye ncha ya pua, anaguna. "Mh!" Kidogo tena, "Mh-mh!" Wakati mwingine anaita, "Mkwe wangu, hivi hapa ulikuwa macho?" Mwanamke amepata kitabu kibovu kuliko vyote maishani mwake, na mwandishi anaishi naye nyumba moja. Sijawahi kumwona ana furaha vile tangu augue. Mimi nikala chakula changu kimya kimya nikajikaza kisabuni.

Siku moja nikafunga saluni mapema, nikafika nyumbani jua bado lipo. Sijavua hata viatu, akaniita.

"Njoo hapa. Kaa."

Nikakaa. Mbele yake, kwenye sinia, picha ilikuwa imepangwa zaidi ya nusu. Meza, mafungu ya karatasi, bega. Na pua, imerudi. Nikashangaa: nilikuwa nimeshaamini kwamba picha ile haipangiki mpaka kiyama.

"Vipande vyako vinaingia," akasema, "ila kwa zamu. Hiki lazima kitangulie, kile kikalie juu yake. Ukikosea zamu unabandua kimoja, unakiinua kidogo ukingoni, unachomeka chenzake kwa chini. Kazi ya mikono miwili. Nilikuwa nikuite unishikie, lakini wewe hupo, mwanangu hayupo, nikaona nisipoteze muda. Sasa sikiliza. Nimekagua kingo zote. Unajua makosa ni ya aina mbili?"

"Hapana, Mama."

"Kuna kosa la mkono na kosa la mtambo. Mpangaji herufi akikosea, leo atakosea hapa, kesho pale, hana utaratibu. Lakini ukiona kosa limerudi palepale kila ukurasa, mwache yule kijana na mkono wake, kakague mtambo. Sasa tazama ukingo huu." Akainua kipande, akakileta karibu na uso wangu. "Umelala kuelekea ndani. Si umelala? Na vyote, vyote, vimelala hivihivi, mlalo uleule. Hakuna hata kimoja kilichokosea kwa namna yake. Mstari wako mwenyewe ukiutazama kwa juu haujatetereka hata kidogo. Mkwe wangu, meza ya mashine yako imeinama. Mkono wako hauna kosa."

Nilikuwa namsikia na simsikii. Kwa sababu kipande kile, alichokiinua mbele ya pua yangu, kilikuwa kimeshikwa kwa dole gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kulia.

Kilikuwa kinatetemeka. Lakini kilikuwa hewani.

Mimi ni kinyozi. Kunyamaza si fani yangu. Watu wanakuja kwangu na nywele wanaondoka na habari. Siku hiyo nilimeza maneno yote niliyozaliwa nayo. Niliogopa hata kupumua, nisije nikaupuliza ule mkono ukakumbuka kwamba unaumwa. Mlango ukafunguka, mke wangu akaingia na mfuko wa sokoni, akafungua kinywa kusalimu. Nikamtolea macho. Akafuata macho yangu, akaona. Akasimama palepale, mfuko mkononi, na machozi yakaanza kumshuka bila sauti.

"Mnatazama nini?" mama mkwe akauliza.

Akanitazama mimi, akamtazama mwanawe, kisha akatazama mkono wake. Kipande kikaanguka kwenye sinia, tak.

Mama mkwe alivitazama vile vidole kama neno ambalo hana hakika nalo. Halafu akavisogeza, taratibu mno, juu ya kile kipande. Vikateleza. Akavirudisha. Vikateleza tena. Mara ya tatu dole gumba likapita chini ya ukingo, ule ukingo wangu mbovu ulioinama, ambao uliacha upenyo kidogo wa kucha kuingia, akakibana, akakiinua.

"Nilikuwa nasema," akaniambia, "meza. Na msinikatize."

Nilienda stoo, nikaitoa skwea ukutani, nikachana karatasi yake. Nikaiweka mezani, ikagusa ulimi chini, na kwa juu pakabaki mwanga wa kupitisha sarafu. Loo! Kukaza skrubu moja ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Nikachukua kipande cha ubao, nikakata twiga, nikamweka juu ya meza. Akasimama. Nikamsukuma kidogo, akatikisika, akasimama tena. Nilipiga yowe mpaka mke wangu akaja mbio na taulo akidhani vidole sasa vimebaki vichache.

Kesho yake nikamkatia mama mkwe picha nyingine, ileile ya kiwandani, safi, imenyooka, vipande vinateleza mahali pake kama droo mpya. Akaipanga kwa mkono wa kushoto kabla chai haijapoa. Akaisukuma kwangu.

"Hii haina kosa," akasema.

"Asante, Mama!"

"Sasa nifanye nayo nini? Nirudishie ile nyingine."

Jumamosi iliyofuata alisema anataka kuwaona hao watu wanaokutana kusifiana. Dereva akamfuata na lori lake, maana gari jingine hatuna, na tukambeba mpaka kitini mle mbele kama malkia. Njia nzima alimsomea Dereva makosa ya mabango ya barabarani. Barazani Fundi Saa akampa kiti chenye mto, akamweleza sheria yetu. Sifa mbili za kweli kwanza, ndipo makosa. Mama mkwe akamsikiliza kwa makini. "Mbili zote?" akauliza. "Hata kama hazipo?"

"Zinatafutwa, Mama," Fundi Saa akasema.

Nikafunua taulo. Twiga wangu mpya akasimama katikati ya meza, peke yake, bila kuegemea kitu. Dereva akapiga mluzi. Muuguzi akapiga goti kumtazama miguu. Fundi Saa alinitazama tu, nami nikatazama viatu vyangu, na akajua kwamba karatasi ya skwea imechanwa.

"Leo aseme mgeni wetu," akaamua.

Mama mkwe akamvuta twiga kwake kwa mkono wa kushoto. Akamgeuza. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa shingo, wa mgongo, wa miguu. Kila mtu alingoja. Mtu mzima, mwenye saluni yangu, nasubiri neno la mama mkwe kama mtoto anayesubiri matokeo.

"Sifa ya kwanza," akasema. "Amechagua mbao nzuri."

Dereva akaziba mdomo. Muuguzi akageukia ukuta, mabega yanamtikisika. Hata Fundi Saa akaanza ghafla kutafuta kitu mfukoni. Nami nikacheka, nifanye nini sasa.

"Sifa ya pili."

Akautoa mkono wa kulia chini ya shali, akauweka mezani karibu na miguu ya twiga, umekunjwa. Akautazama. Kidole cha shahada kikaanza kunyooka. Kisha cha kati. Kile cha pete kikasita, kikatetemeka, kikafuata. Cha mwisho hakikufika. Kilisimama nusu njia, lakini kilikuwa kimetoka kiganjani, wote tulikiona. Saa za Fundi zikagonga ukutani.

"Vidole," akasema mama mkwe. "Vyote vipo."

Hakuna aliyepiga makofi. Muuguzi alivua miwani akaifuta, na safari hii hakuivaa tena. Mimi nililia, waziwazi, mbele za watu, sioni haya.

Mama mkwe akatuacha kidogo tumalize. Kisha akamsogeza twiga wangu kwenye mwanga, akashusha miwani kwenye ncha ya pua.

"Haya," akasema. "Sasa tuje kwa huyu mbwa."